Uso wa Odongo Kwenye Ukuta wa Askari

Siku tuliyomzika Omuse nilivaa koti lake la kijivu, lile ambalo kifungo chake kimoja nilikishona mwenyewe kwa uzi usiolingana, na mikono yake ikanifunika hadi kwenye kucha. Watu wa kwao, huku nyuma ya Malaba, hawakuwa wamezoea jambo hilo. Nilimsikia shemeji mmoja akimuuliza mwenzake jikoni, "Huyu mama anasikia baridi na hii jua yote?" Mwenzake akamjibu kwa sauti ya chini kwamba Wasamia ndivyo walivyo, mume akifa mke huvaa koti lake mpaka matanga yaishe, mwache. Mama mkwe wangu alikuwa ameketi mbele yangu akipepeta wimbi ambao ulikuwa safi tangu asubuhi. Aliinuka tu, akaja akanikunjia mikono ya koti ili nisiiloweshe nikinawa, kisha akarudi kwenye ungo wake. Hapo ndipo nilipomkumbuka Kukhu Apiyo, yule bibi wa Namboboto, na nikishamkumbuka yeye siwezi kuuzuia mwaka ule usinijie wote, pamoja na ukuta wake na giza lake.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne na studio ya picha mtaa wa Burumba. Nasema studio kwa sababu ndivyo kibao cha mlangoni kilivyosema. Kwa kweli kilikuwa chumba kimoja kilichokatwa katikati kwa pazia. Mbele kulikuwa na benchi, taa mbili, na kitambaa kikubwa kilichochorwa maporomoko ya maji na ndege ikipita juu yake, na watu wa Busia walipenda kupigwa picha hapo wakiwa wameshika begi, kana kwamba ndege ile inawangoja wao. Nyuma ya pazia kulikuwa na kitanda changu, jiko la mafuta ya taa, kompyuta yenye mgongo mkubwa na skana, vyote viwili vimefunikwa vitambaa vya kufuma kwa sababu vumbi la malori halikuwa na adabu. Ukuta wa upande mmoja ulikuwa wa mbao, na ng'ambo yake alikaa fundi cherehani aliyetoka Uganda, basi mchana kutwa nilimsikia akipima wateja: "Nyabo, simama sawa. Tumbo uache lipumue, gauni ni yako, si ya jirani." Nilizijua siri za viuno vya mtaa mzima. Mchana nilikula chapati iliyofungwa mayai, jioni ugali na omena, na nilijiona mtu aliyefika.

Omuse alikuja kwa boda ya baiskeli, siku ya mvua, amekumbatia kitu kilichofungwa blanketi. Mwenye baiskeli alikuwa ameendesha polepole njia nzima akidhani ni mtoto mgonjwa, na alipoona blanketi linafunguliwa inatoka mashine, alinuna, akasema angeambiwa mapema wangefika kabla ya mvua. "Boss ako wapi?" Omuse akaniuliza, akichungulia nyuma ya pazia. Nikamwambia boss ndiye anayemtazama. Alicheka, akaniomba msamaha, na tangu siku hiyo hakuniita jina lingine, hata baada ya kuoana, hata wiki yake ya mwisho hospitalini aliponiambia, "Boss, nifunike miguu." Mashine ile ilikuwa projekta ya video. Alikuwa amezunguka nayo miaka mingi kwenye gari la sinema za hadhara, akionyesha vichekesho viwanjani ili watu wanunue sabuni, mpaka wenye sabuni wakaona redio ni kazi rahisi zaidi. Gari walichukua, projekta wakamwachia. Kisha siku moja Kampala akamwona mtu akimulika picha kwenye ukuta wa jengo, jengo zima likawa uso wa mtu, na tangu hapo, aliniambia, hakuweza kuona ukuta mweupe akapita tu.

Ukuta aliokuwa amekwisha kuuchagua ni ule tulioita ukuta wa askari. Ulikuwa ukuta wa mawe, mrefu kuliko nyumba, umepakwa chokaa, umesimama peke yake kando ya uwanja wa mikutano, na katikati yake kulikuwa na bamba la chuma lililosema tu kwamba umejengwa kwa heshima ya askari wetu waliokwenda vita vya dunia. Hapakuwa na jina hata moja. Kina mama walianika mihogo chini yake kwa sababu chokaa ilirudisha joto, na mbuzi walijikuna kwenye pembe zake. Mimi mwenyewe niliupita kila Jumapili nikienda kanisani na sikuwahi kuugeuzia shingo. "Nyuso zao ziko manyumbani," Omuse akasema, "ziko ndani ya mikebe. Wewe uko na skana, mimi niko na taa. Tuwatoe huko, hata kama ni jioni moja." Nilimwambia nitafikiria. Lakini nilikuwa tayari nasogeza sahani ya omena ili mashine yake ipate pa kukaa.

Basi tukaanza kuwatafuta. Wengi wa wale askari walikuwa wamekwisha kufa, wachache walikuwa wazee wa kushikwa mkono, na picha zao zilikuwa zimewekwa mahali ambapo mtu huweka kitu anachokipenda na asichokuwa na kazi nacho: ndani ya Biblia, chini ya godoro, kwenye mkebe wa kakao pamoja na vifungo. Katika kila nyumba tulilishwa kwanza. Nilijifunza kwamba picha haitolewi kwa mgeni mwenye njaa, na Omuse, mwembamba vile alivyokuwa, alikuwa na nafasi ya ugali isiyojaa. Halafu mkebe ungefunguliwa na kijana angetoka, kofia upande, kidevu juu, macho yakimtazama mpiga picha ambaye naye alikuwa amekufa zamani. Niliwaweka kwenye skana mmoja mmoja. Mashine ile ilikuwa na mlio wa kujivuta, na mwanga wake ulipopita chini ya kifuniko, uso ulikuwa ukishuka kwenye kompyuta yangu mstari kwa mstari, nywele, paji, nyusi, mpaka macho yakafika na kunikuta nimeshika pumzi. Nilikuwa nimepiga picha za mamia ya watu waliotaka vitambulisho na sikuwahi kushika pumzi kwa ajili ya yeyote.

Kiongozi wa askari waliobaki alikuwa Mzee Ouma wa Busibwabo, mtu mrefu aliyekaa kitini kama yuko kwenye gwaride, na bila neno lake hakuna ambaye angetupa picha nyingine. Tulikwenda kwake kumwonyesha kazi. Omuse alitundika shuka uani, akasimamisha projekta nyuma ya shuka kama alivyozoea kwenye sinema za sabuni, ambako watu waliketi pande zote mbili na hakuna aliyejali mchekeshaji anaangukia upande gani. Jioni ikaingia, kijana mmoja akatokea kwenye shuka akipiga saluti. Mzee Ouma akamtazama kwa muda mrefu. "Huyu alifundishwa na nani?" akauliza. "Anasalimu kamanda na mkono wa kushoto. Sisi tungemfungia." Omuse akakimbia kuhamisha mashine mbele ya shuka, akijikwaa kwenye kuku, na kijana akageuka, mkono ukarudi wa kulia. Mzee akaitikia kwa kichwa. "Sasa amekuwa askari," akasema. "Endeleeni. Mimi nitataja majina yao. Nyinyi mtawasha, mimi nitaita."

Siku nyingine tulikuwa Malaba, nyumbani kwa Omuse, wazee wameketi kuzunguka chungu cha ajono, pombe yao ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu, malori yakiunguruma barabarani kwa foleni. Mimi nilikuwa jikoni na huyu aliyekuja kuwa mama mkwe wangu, tunasonga ugali wa wimbi, na maneno yao yalituingilia dirishani. Mmoja alisema kaka yake alimwambia kwamba mvua ya Burma, walikopelekwa vitani, haikuwa na mwenyewe, yaani hakuna mtu wa kuendewa na kuombwa aizuie, na kwamba walilala ndani ya maji wakiota moto wa kwao. Mwingine akauliza, waliokufa huko waliwekwa vichwa vielekee wapi. "Hiyo ndiyo ilimmaliza mama yangu," sauti ya tatu ikasema. "Si kifo. Ni kutojua wamemlaza namna gani." Mama mkwe wangu aliacha mwiko ndani ya sufuria, akasikiliza, kisha akaendelea kusonga kwa nguvu kuliko ugali ule ulivyohitaji.

Kukhu Apiyo alituita mwenyewe. Alimtuma muuza samaki atuambie kwamba Namboboto kuna mama ambaye ana askari na hana picha. Tulimkuta mlangoni pake, bibi wa miaka themanini hivi, mwembamba, kitambaa kichwani, na kabla hatujamaliza salamu alikwisha kutuingiza ndani. Bado naweza kutembea ndani ya nyumba ile nikiwa nimefumba macho. Sakafu ilikuwa imesiribwa kwa samadi siku hiyohiyo, inanukia mvua. Kulikuwa na viti vya mbao vyenye vitambaa vyeupe, chungu cha maji pembeni, kalenda ya kanisa ya mwaka uliopita, na ukutani, kwenye msumari wake peke yake, koti la mwanamume limevalishwa foronya ya mto ili vumbi lisiliguse. Alitupa ugali wa wimbi na muhogo, mrenda, na samaki wa kukaushwa. Hakula. Alingoja tumalize, akatunawisha, ndipo akasema, "Huyo ni Odongo. Sisi ni mapacha. Mimi nilitangulia kutoka, yeye akabaki, ndiyo maana wakatuita hivyo. Lakini siku ya kwenda, yeye ndiye alienda na mimi nikabaki."

Odongo alichukuliwa vitani akiwa kijana asiyeoa. Hakurudi, na hakuna barua iliyokuja kusema amekufa. Kwetu mtu akifia mbali na mwili usipatikane, watu wa nyumbani hukata mgomba, wakaulaza kaburini mahali pake, wakamlilia, na mambo yakaisha, amelala kwao. Lakini mama yao alikataa. Alisema mtoto wake yuko njiani, na alipokuwa anakufa aliwaapisha kwamba asitokee mtu wa kukata mgomba kwa jina la Odongo katika boma lile. Tangu hapo hakuna aliyethubutu. Odongo akawa si maiti na si mtu aliye hai. Mahali pa nyumba yake bomani palifyekwa kila mwaka na hapakujengwa kitu. "Mimi ninaenda," Kukhu Apiyo akatuambia, kwa utulivu wa mtu anayesema anakwenda sokoni. "Mwaka huu au ujao. Nikienda, hakuna mtu duniani amebaki anajua sura ya Odongo. Na mtu ambaye hakuna anajua sura yake, atalala wapi?"

Omuse akamweleza kwa upole kwamba bila picha hatuna la kumulika. Bibi akamtazama kama mtu anayemngoja mtoto amalize kusoma. "Tulikuwa sura moja," akasema. "Mama alitutofautisha na shanga za kiunoni tu. Watu wakimwona mmoja waliita jina la mwingine. Si mnipige mimi." Kisha akauliza, "Na mkizima hiyo taa, mtu huyo anaenda wapi?" Omuse hakuwahi kukosa jibu maisha yake yote. "Sijui, Kukhu," akasema.

Nilimweka mlangoni, kwenye mwanga wa nje. Nikamwuliza kama angevaa lile koti. "Siwezi kuvaa koti la mtu ambaye yuko safarini," akajibu. "Hilo litakuwa na siku yake." Sikulielewa neno hilo, nilidhani ni ukaidi wa uzee. Akafungua kitambaa kichwani. Nywele zake zilikuwa nyeupe, zimenyolewa karibu na ngozi, na bila kitambaa paji lake likawa pana, taya likajitokeza, na akainua kidevu chake juu, upande kidogo, vile vijana wote wa mikebe walivyokuwa wameinua vyao. Nilipoweka jicho kwenye kamera nilimwona mwanamume. Si bibi aliyejifanya mwanamume. Alikuwa mzee wa kiume ambaye amekaa kwao, amelima, ameoa, amezeeka, na sasa ameitwa mlangoni na mgeni. Omuse aliyekuwa nyuma yangu alivua kofia, na sidhani alijua kwamba ameivua.

Kivuli kikaziba mlango. Alikuwa Wandera, mtoto wa kaka yao mkubwa, ndiye mwenye boma wakati ule, na alikuwa amesikia yote kutoka nje. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu. "Senge," akamwambia, kwani ndivyo tunavyomwita shangazi, "hii maneno tulimaliza. Mama yenu alituapisha. Hapa hatulilii mtu. Kilio kikitoka kimetoka, lazima kaburi lichimbwe, na kiapo kikivunjwa kitaangukia watoto wangu ndani ya hili boma." Kukhu Apiyo alikuwa anafunga kitambaa chake taratibu. "Kuna mtu amelia, Wandera?" akauliza. "Nimepigwa picha. Kwani wewe hujapigwa picha?" Wandera alitusindikiza hadi barabarani kwa heshima zote, na alipotuaga alimshika Omuse mkono, hakuuachia upesi. "Msimuumize huyu mama," akasema.

Tulimpelekea Mzee Ouma habari hiyo, kwa sababu hatukutaka kumtia askari wake ukutani kwa mlango wa nyuma. Aliitazama picha kwenye karatasi niliyochapa, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu. Nilikuwa nimejiandaa aseme kwamba ukuta ni wa askari, si wa dada zao. "Hajaliliwa?" akauliza. Tukasema bado. Aliilaza picha ile magotini. "Mtu hatangazwi ukutani kabla ya kutangazwa kwao," akasema. "Hilo siwezi kuvunja. Lakini dada yake ndiye amemleta. Mwekeni wa mwisho. Na jina lake mimi sitaita. Kama kuna wa kuliita, aliite."

Siku yenyewe tulitumia jenereta ya fundi wa kuchomelea, kwa kuwa stima ya Busia haikuwa ya kuaminiwa na jambo la heshima. Watu walianza kuja jua likiwa juu. Walikuja na viti, mikeka, watoto, na kina mama wakakusanya mihogo yao chini ya ukuta bila kuambiwa. Wazee waliobaki walikaa mbele na nishani zao. Kukhu Apiyo alifika na wanawake wa Namboboto katika pikapu ya samaki, amebeba kifurushi mapajani, na Wandera alikuja nyuma yao kwa baiskeli, akasimama kando. Omuse akawasha projekta mchana mweupe. Hakuna kilichoonekana. Ukuta ulibaki ukuta. Watu wakaanza kunung'unika, mmoja akasema hawa ni wa sabuni, wataanza kuuza sasa hivi. "Wako hapo tayari," Omuse akawaambia. "Ngojeni giza." Jamaa mmoja akauliza kama giza ndilo stima yetu, na uwanja ukacheka.

Jua likashuka upande wa Uganda. Hatukugusa kitu. Nimejaribu mara nyingi kuwaeleza watoto wangu kilichofuata na kila mara nashindwa. Kwanza yakatokea mapaji ya nyuso, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa na nuru zaidi, madoa mepesi kwenye chokaa ambayo mtu angeweza kusema ni macho yake yamechoka. Kisha meno ya mmoja aliyekuwa anacheka. Kisha kola, vifungo, kofia. Kadiri uwanja wetu ulivyoingia giza ndivyo wao walivyozidi kuwa wazi, safu kwa safu, ukuta mzima, vijana wa kwetu, wakubwa kuliko nyumba, mpaka sisi hatukuonana tena na wao walituona wote. Kicheko kilikufa chenyewe. Mtoto mmoja alianza kuuliza kitu na mama yake akamweka mkono mdomoni. Mimi niliyewatoa kwenye mikebe kwa mikono yangu, niliyewajua hadi makovu, niliketi chini kwenye nyasi.

Ndipo Omuse akawaleta mmoja mmoja, na Mzee Ouma akasimama akawaita. Hakutumia kipaza sauti. Aliita jina na mahali, na kutoka gizani mtu angeitikia, "Yuko," mtoto wake au mjukuu wake, sauti nyingine imara na nyingine imevunjika. Wote walikuwa vijana. Walikuwa wamebaki na miaka ishirini huku wadogo zao wakizeeka mbele yao. Kisha ukaja uso wa mwisho, na huo ulikuwa mzee. Mvi, mikunjo, taya lililotulia, kidevu juu. Minong'ono ikapita uwanjani: huyo mzee ni nani, mbona yeye amezeeka? Mzee Ouma alibaki amesimama, mdomo umefungwa.

Kukhu Apiyo akainuka. Alikuwa amevaa lile koti la msumarini. Lilikuwa pana mabegani na lilimfika magotini, na alitembea nalo polepole kuelekea ukutani, akaingia ndani ya mwanga, uso wa kaka yake ukamwangukia mgongoni na kichwani, koti likang'aa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba siku ya koti, siku ya kumlilia mwenyewe, ilikuwa imefika, na kwamba bibi huyu alikuwa ameipanga tangu siku aliyomtuma muuza samaki. Aliweka kiganja kwenye chokaa. "Odongo," akaita. "Odongo wa mama. Umefika. Umechelewa njiani mpaka umezeeka, lakini umefika." Kisha akaachia kilio. Sikujua kwamba mwili mdogo vile unaweza kubeba sauti ile. Ilikuwa imekaa ndani yake miaka yote hiyo. Wanawake wa Namboboto wakampokea, kisha wanawake ambao hawakumjua, kisha wa Busibwabo, wa Burumba, mpaka uwanja wote ulikuwa unamlilia mtu mmoja, na wengi, nadhani, waliingiza humo wa kwao. Nililia pia, kwa sauti, bila aibu. Mama yao alikuwa amewaapisha kuhusu boma; kuhusu ukuta hakuapisha mtu.

Nilimtafuta Wandera kwa macho. Alikuwa amesimama pale pale, mikono kichwani, machozi yanamshuka. Kilio kilikuwa kimetoka na hakikuwa na njia ya kurudi. Alimwendea shangazi yake, akaingia naye ndani ya mwanga, akamshika bega. Nilikuwa karibu, nikasikia. "Senge, amefika, kiapo kimeisha. Nitakata mgomba asubuhi," akasema. "Niambie tu tumlaze wapi." Bibi alijifuta uso kwa mkono wa koti. Aligeuka, akakinga macho, akamtafuta Omuse nyuma ya ile taa. "Zima sasa, mtoto wangu," akamwambia. "Ana pa kwenda."

Walimlaza kesho yake kwenye kile kiwanja kilichofyekwa kila mwaka, mgomba mmoja umefungwa ndani ya koti lake, kichwa kimeelekezwa wanavyoelekezwa watu wa boma lile. Mzee Ouma alisimama kaburini na kuliita jina, na Kukhu Apiyo akajibu, "Yuko." Yeye mwenyewe aliondoka kabla ya mavuno ya mwaka uliofuata, wakamweka kando ya kaka yake. Mwaka ule wa ukuta haukwisha kabla Omuse hajaihamishia projekta yake moja kwa moja nyuma ya pazia langu, na mwenyewe akaifuata. Tulifanya kazi nyingine nyingi za mwanga baadaye, kwenye makanisa, kwenye harusi, na nyingine zilitulipa vizuri. Hakuna iliyonishusha chini kwenye nyasi tena.

Matanga ya Omuse yanaisha leo, na kesho asubuhi nitalivua koti. Nimetafuta picha yake nikagundua kwamba mtu aliyewaonyesha wengine wote hakuwa na picha za kutosha. Alikuwa daima nyuma ya taa. Lakini niliikuta moja niliyompiga mwaka ule, mbele ya maporomoko na ile ndege, amekumbatia blanketi lake, anacheka. Jioni hii nimesimamisha projekta uani, mbele ya ukuta wa nyumba ambao shemeji zangu waliupaka chokaa kwa ajili ya mazishi, nikawasha mapema, jua likiwa bado juu ya bati la jirani. Mama mkwe wangu ametoka jikoni akakaa, akaukazia ukuta macho. "Umewasha?" ameuliza. "Mbona sioni kitu?"

"Yuko hapo tayari, mama," nimemwambia. "Tungoje giza."

Amevuta kiti chake karibu na changu, akashika ncha ya mkono wa koti, na tunangoja.